Fasi Mukono Ilikula Rangi

4 septemba

Jemima amechovya kiatu yake mu chai ya Papa Kamate, sasa hivi, miye nikiangalia. Haiko chai ya kunywa. Ni chai nyeusi yenye tunachemusha mu ndoo na majani mingi, ya kuzeesha vitu. Ameona namna miye nachovyaka vifungo za sauti na plasitiki nyeupe za gitare mule ndani, zinaingia nyeupe, zinatoka rangi ya jino ya muzee. Naye amevua kiatu, ameichovya, ameitoa, ameiangalia sana. Amesema: "Zee." Kisha amechovya ya pili.

Elysée, siku ile uliondoka kwenda kuchimba dhahabu ku Nizi, na gitare yako ndani ya mufuko ya mahindi, ulisema niandike kila kitu mutoto atafanya, juu ukirudi usome, usikute mutoto mugeni mu nyumba. Miezi tatu sikuandika. Niliona haya, miye mutu aliishia ya pili sekondere, na weye unaandikaka mupaka nyimbo. Lakini leo ni kiatu. Kiatu haiwezi kupita bila kuandikwa.

Ujue kwanza niko natumika kwa Papa Kamate, ule fundi wa gitare na baffle za sauti za makanisa, hapa kwetu Nyakasanza. Nilianza na kufagia vumbi ya mbao. Sasa nazeesha. Kuna mutu jina yake Constant, anapelekaka gitare Kampala. Kule iko batu benye banataka gitare ya zamani, yenye rangi imetoka na vyuma zimeshika kutu, yenye inaonekana ilipigwa mu bar miaka makumi tatu. Mupya habaitaki. Na za zamani zimeisha. Basi Papa Kamate anachonga mupya ku mbao ya libuyu, anaweka vyuma za gitare ya Chine, anapaka, na miye naitesa. Nasugua na emeri, ile karatasi ya mbao. Naweka chumvi ku vyuma. Nafunga funguo mu soksi, napiga nayo kidogo kidogo.

Nilimuuliza: "Papa, mutu analipa zaidi juu ya kitu yenye imeharibika?"

"Haikuharibika. Imeteseka."

"Si ni moja?"

"Haiko moja. Yenye imeharibika inanyamaza. Yenye imeteseka inaimba. Bale batu banapenda mateso, Mama Jemima, lakini ya mutu mwengine."

7 septemba

Mvua. Verni, ile rangi ya kuangazisha gitare, haikauki.

9 septemba

Leo tulipeleka gitare mbili kwa Mama Adeline, ule muuza samaki wa pa kona, mwenye frigo kubwa. Nilizifunika na blanketi juu ya njia. Akaniona nakuya.

"Mama Jemima, hiyo maiti ni ya nani?"

"Ni gitare, mama."

"Inasikia joto?"

"Papa Kamate anasema ikilala kwa baridi, kisha tuitoe kwa jua gafula, verni itapasuka-pasuka kama udongo ya kiangazi."

"Weye na Papa Kamate munahitaji maombi. Weka pale juu ya thomson, ile samaki ya barafu. Tilapia ya Kasenyi usiguse. Mutu akiuliza, nitasema ni samaki yenye macho yake iko kwa tumbo."

Mu saa sita jua ilitoka kidogo, tukaziweka inje. Zikaanza kulia, tik, tik, mistari ndogo ndogo zikatembea ku rangi. Jemima aliweka sikio pale, akakaa kimya dakika muzima, na unajua yeye hakaaka kimya. Ziko muzuri, Elysée. Zinafanana na uso wa mutu aliyecheka mingi. Shida ni harufu. Nimezipitisha ku moshi ya makala mara mbili na bado zinanuka samaki.

14 septemba

Papa Kamate ameshikwa na malaria. Gitare sita zinabakia fasi ya mukono tu, kazi yenye anafanyaka yeye peke yake. Alinisemesha kupitia pazia, meno yanagongana.

"Fasi ya mukono unaijua?"

"Naijua, papa. Ile ya Elysée nilikuwa naipanguza kila siku ya posho, juu ya kanisa ya kesho yake."

"Basi fanya."

Naijua kuliko mukono yangu. Pale chini ya vifungo, fasi mukono yako inalalaka ukipiga. Rangi nyekundu iliisha pale, na chini yake mbao imekuwa laini kama kisigino ya Jemima mbele hajajua kutembea. Umbo yake ni kama jani ya matembele, munene huku, nyembamba huku.

17 septemba

Nimemaliza sita. Nilifunga macho nikawa nasugua, nikasikia ni kama nakupapasa. Sijawahi kufanya kazi muzuri hivi. Kama mutu analipa juu ya kitu hii, leo naelewa. Gitare mupya ni mbao. Yenye mukono imekula, unaona kuna mutu aliketi hapa, ameinuka tu, atarudi.

22 septemba

Sijasikia sauti yako tangu tarehe 20 ya mwezi wa nane. Banasema ku Nizi rezo ya telefone imeanguka. Jemima ameota jino ya nyuma, alilia siku mbili, leo anauma kila mutu.

27 septemba

Constant alikuya. Ni mutu mufupi, na kofia ya ngozi, maneno mingi. Alimuletea Jemima biskuti. Papa Kamate amepona lakini miguu bado inatetemeka, alikuwa anaketi. Constant alikamata gitare ya kwanza, akaiweka ku goti. Akakamata ya pili. Ya tatu. Kisha akaanza kucheka.

"Papa Kamate, nani alizeesha hizi?"

"Ni Mama Jemima."

"Mama Jemima, kuya hapa. Angalia mukono yangu. Imelala wapi?"

"Huku juu."

"Na weye rangi uliitoa wapi?"

"Huku chini, kwa vifungo."

"Sasa ule mwenye alipiga hii gitare miaka makumi tatu alikuwa anapiga amesimama na kichwa?"

Nilisema: "Bwana yangu anashikaka vile."

"Bwana yako ni popo?"

"Ni wa mukono ya kushoto."

Akaacha kucheka. Nilimueleza. Ku kanisa kulikuwa gitare moja. Bazee bakakataa ubadilishe kamba, juu bengine nabo banaipiga. Basi ukaigeuza, kamba nene ikawa chini, nyembamba juu, ukajifunza nyimbo zote vile. Na siku ulipata yako, mukono ilikuwa imezoea, ukaipiga vile vile. Miye sikujua kama ni ajabu. Gitare yenye nimeionaka ikipigwa karibu ni yako tu. Na mu kanisa, Elysée, nilikuwa naangalia uso wako. Sikuangaliaka bengine namna banashika.

Constant alisema: "Mama, mutu anajua gitare akiona hizi atasema ni bongo, ni uongo tu. Gitare haina haki ya kuchakaa pale." Hakubeba ata moja.

Nilingoja Papa Kamate anifukuze. Alichukua ile ya kwanza, akapitisha kidole pale nilisugua, polepole.

"Kazi ni muzuri," alisema. "Kosa ni ya malaria."

2 oktoba

Tunajaza, tunapaka, tunaanza tena. Papa Kamate amenichorea mustari na chaki huku juu, juu mukono yangu inashuka yenyewe.

6 oktoba

Jemima anaita kila mutu wa kofia "papa". Leo alimufuata motari wa pikipiki mupaka pa barabara.

10 oktoba

Ku bomba ya maji banasema shimo imeanguka ku Nizi, juu ya mvua. Mama moja anasema batu kumi na mbili. Mwengine anasema ine. Mwengine anasema haiko Nizi, ni mbele ya pale. Kila mutu anasema kama aliona.

Nimepiga telefone yako asubui yote. Ile mama wa telefone anasema Kifaransa yake polepole, kama mutu mwenye bwana yake iko nyumbani anakula.

Miye najiambia hivi. Weye huchimbaka mvua ikinyesha, unaogopaka radi. Weye ungekuwa mu kibanda unabadilisha kamba. Nimemuambia Papa Kamate hivyo, akasema, "Ndiyo, Mama Jemima," akaenda kutafuta kitu yenye haikupotea.

12 oktoba

Siku ya yenga, ku kanisa. Pasta alisoma majina za bale shimo ilifunika. Yako haikuwa. Nilisema asante mu roho, nikamufunga Jemima ku mugongo, nikatembea kama mutu anashuka mulima. Nilifika nyumbani, nikaweka maji ku moto. Pale njo nikasikia ile maneno pasta alimalizia: na bengine bane benye majina haijulikane.

15 oktoba

Mvua.

16 oktoba

Mvua. Zile sita zimekauka tu juu ya neema. Constant atazibeba.

20 oktoba

Nitaandika polepole, juu nataka uelewe vile ilifuatana.

Constant alikuya saa ine, na pikipiki, na gitare tatu zimefungwa pamoja na kamba. Alikuwa na furaha. Alisema amezunguka njia ya machimbo, amepata za kweli, zinaomba matengenezo kidogo. Zile sita alizipenda, akazifunga mu karatasi. Kisha akafungua zile tatu, akainua moja, akaanza kucheka na cheko yake ile.

"Papa Kamate, uko na mwenzako huko mbele. Kuna fundi naye anazeesha, na amekosea sawasawa na Mama Jemima. Angalia. Kwa vifungo."

Miye nilikuwa nimeshika ndoo ya chai. Niliona nyekundu. Niliona ukanda, kipande ya kitenge yangu ya manjano, yenye nilishona na uzi ya bleu juu nyeusi ilikuwa imeisha. Nikaweka ndoo chini. Sikuimwanga, ata tone. Sijui juu gani nakuandikia hiyo.

"Hiyo haikuzeeshwa," nilisema. "Hiyo ni mukono ya mutu."

"Mama, usinifundishe kazi."

"Ni ya bwana yangu."

Papa Kamate alisimama. Constant aliangalia uso wangu, akaangalia kitenge, akatoa kofia.

"Nani alikuuzishia?" nilimuuliza.

"Ni pale Iga, ku njia ya Nizi. Bosi wa shimo, kule banamwita PDG, alikuwa ametandika bashi ya plasitiki chini. Mabuti, magodoro, sufuria, redio. Na hii."

"Vitu za nani?"

"Za batu benye habakukuya kuzichukua."

"Habakukuya juu ya nini?"

"Mama Jemima, sikuuliza. Pale mutu haulizake."

Niliomba nishike. Ilikuwa nyepesi kuliko nakumbuka. Nikaweka mukono yangu ndani ya yako, pale chini, nayo ilikuwa baridi. Jemima alikuya, akaweka sikio, akangoja ile tik, tik. Hakuna kitu ililia.

Sikiliza. Inaweza kuwa mutu aliiba. Inaweza kuwa uliiweka rehani, ukaenda mu shimo ya mbali, na bosi akachoka kungoja. Inaweza kuwa uko njiani na miguu, na haukutaka muzigo. Nilisema hizi zote mu sauti, moja moja, na babwana babili bakaitika kila moja.

Nikamuambia Constant aniachie. Akasema ameahidi tatu kwa mutu wa kule, akifika na mbili, ule mutu hatakamata ata moja. Alitaka nifute ile fasi, nipake, niweke mukono upande ya juu, kama batu bote. Hakusema kwa ubaya. Alisema na kofia mu mukono.

Papa Kamate akasema: "Nipatie mwezi moja. Nitachonga yenye kufanana na hii. Ukirudi, kama yangu inaonekana ya zamani kushinda hii, beba yangu. Hii ibaki na mwenyewe."

Constant alifikiri. "Tarehe 15 ya mwezi ujao njo napita kwenda Mahagi. Nitabeba yenye itanidanganya miye mwenyewe."

Ile yako imebaki hapa ku ukuta. Nimeigeuza, kamba nene chini, kama unapenda.

21 oktoba

Papa Kamate amekata mbao. Aliimba akikata.

24 oktoba

Mama yako amefika toka Bogoro. Mama Léonie, na begi ndogo, na maharagi. Nani alimuambia sijui, habari iko na miguu kuliko siye. Nilimuleta ku atelie. Aliangalia ukuta mbele hajanisalimia.

"Lydie, mwana yangu, tukae chini."

Nilijua kukaa gani anasema. Kukaa kilio.

"Mama, hatuna habari."

"Habari ni ile iko ku ukuta."

Akaomba gitare. Nilimupa. Hakujua kuishika, aliilaza ku magoti kama mutoto mwenye homa. Akapata ile fasi, akaweka kiganja pale.

"Miye njo nilimupigaka hii mukono," alisema. "Na fimbo ya kahawa. Kila akikamata kijiko nayo. Mwalimu anamupiga ku masomo, akirudi miye namupiga. Akaacha ku kijiko. Akaacha ku kalamu. Ku gitare tu njo hakuacha."

Siku zote nilikuwa namuona mama yako mutu mugumu, weye unajua. Alikaa na kiganja yake pale mupaka chai ikapoa, na Jemima akalala ku mugongo yake.

Alisema siku ya posho ya kwanza ya mwezi, huko Bogoro beye batakaa kilio. Kama miye sitaki, nibaki na tumaini yangu. Tumaini ya mutu haizuie mwengine kulia.

25 oktoba

Amerudi. Aliacha maharagi yote.

28 oktoba

Mwili wa gitare umemalizika. Iko muzuri, ata mukono yako ingepotea kati ya hizi mbili. Tabaka ya kwanza ya rangi. Kisha mvua.

1 novemba

Leo njo siku ya kilio ku Bogoro. Nilivaa nguo ya kila siku. Nilipaka tabaka ya pili. Mama Adeline alileta sahani ya samaki, hakusema ni juu ya nini, nami sikuuliza.

3 novemba

Mvua.

5 novemba

Mvua tangu asubui. Verni inanata kama asali. Papa Kamate alisema tujaribu makala. Tuliweka mbabula tatu za makala chini, tukaninginiza gitare juu, tukaigeuza kama nyama. Ikafanya mapovu upande moja. Tukakwangua, tukarudia.

"Kipande ndogo makala inakausha," alisema. "Muzima hapana. Muzima inaomba jua."

"Jua itakuya."

"Ndiyo, Mama Jemima."

Nimeanza kuchukia ile ndiyo yake.

8 novemba

Jua, saa mbili muzima. Tulikimbia nayo kwa Mama Adeline. Frigo imezima, umeme imekatika tangu jana, samaki zinaogelea. Yeye mwenyewe alikuwa anauzisha kwa bei ya kulia, mikono mpaka kiwiko mu maji.

"Leo frigo yangu ni sanduku," alisema. "Ungekuya juzi."

Kurudi, mawingu.

10 novemba

Jemima ameweka mukono ku verni. Vidole vyote vitano, wazi, pale juu, fasi Constant anapendaka mukono ikuwe. Nilimupiga, Elysée. Sijamupigaka. Nilimupiga ku ile mukono, kisha nikaangalia ni gani. Ni ya kushoto. Tukalia babili.

Papa Kamate alikuya kuangalia. Aliona vidole, akaona siye. Akachukua emeri akaanza kusugua mwenyewe.

12 novemba

Mama Adeline alinivuta pembeni pa bomba.

"Leta ile gitare yako. Nitaificha chini ya thomson mupaka Pasaka. Constant akiuliza, ataifata kwa harufu?"

Nilicheka. Ni mwezi moja sijacheka. Nikamuambia Papa Kamate, nikijifanya nachekesha. Hakukataza. Alisema tu: "Ikipotea, miye njo nitajibu. Ni mu mikono yangu aliiacha." Ana miaka makumi sita na moja, na macho inazimika, na Constant peke yake njo mutu anapitaka hapa tangu barabara iharibike. Sikumupelekea Mama Adeline.

13 novemba

Nilimuuliza tena: "Tungoje jua ya kesho?"

"Jua ya kesho haijui gitare."

Aliketi kando yangu ku benchi. Tuliangalia hizi mbili ku ukuta. Yetu inaangaza kama viatu ya arusi. Ata mutoto angejua ni ya juzi.

"Mama Jemima, kuzeesha inaomba bongo kidogo na jua mingi. Bongo tuko nayo."

Kisha alisema kama siwezi, yeye atafuta ile yako, na mbabula itakausha, ni kipande ndogo. Macho yake haioni muzuri, angefanya na vidole. Nilikataa. Mukono yako ikitoka, itoke na mutu anayeijua.

14 novemba

Nimeanza saa tatu. Nilifikiri kuna kitu nitakuta, sijui nini. Unasugua ile fasi laini, jasho yako ya miaka yote inatoka, vumbi ya kahawia, na chini yake mbao ni nyeupe tu. Nyeupe kama muhogo. Haikukujuaka. Vile ilikuwa mbele haijakuona njo vile iko.

Nilijaza, nikapaka nyekundu, nikaweka karibu na makala. Ikakauka. Hakuna mutu atajua.

Ile vumbi niliifagia mu karatasi. Nikatoka kuteka maji. Nikarudi, nikakuta Jemima ameimwanga mu ndoo ya chai, anakoroga na kijiti.

Sikumupiga.

15 novemba

Hakuna mvua. Tangu asubui jua inawaka kama haikuwa yeye.

Papa Kamate aliangalia mbingu, akaangalia ile gitare yetu ku ukuta, akaingia ndani kutafuta kitu.

Ninaandika pa benchi, gitare ku magoti. Ilibaki kuweka mukono ya upande ya juu, ya ule mutu mwenye hayuko, wa mukono ya kuume, alipiga mu bar miaka makumi tatu. Emeri nilianza nayo, ikanichosha. Nikatupa. Nikaweka mukono yangu mwenyewe pale juu, na mafuta kidogo na majivu, nikasugua hivyo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mupaka ngozi ikawaka. Rangi inatoka polepole. Inakuwa muzuri, nakuambia ukweli. Constant ataipenda. Kule itakuwa na mutu mupya, ataona kuna mwenye aliketi hapa, ataipenda juu ya ule.

Jemima leo amekamata kijiko. Ni kitu njo nilitaka kukuandikia kwanza, kabla ya hizi zingine. Amekamata na mukono ya kushoto, akakula uji yote peke yake, na miye nimemuangalia tu, sikumubadilisha.

Na kama siku moja unapita fasi, Elysée, mu mji yoyote, ukaona gitare nyekundu imechakaa huku juu kama za batu bote, usipite mbio. Igeuze. Sikufuta yote. Pikipiki imesimama inje, nasikia Constant anamusalimia Papa Kamate, naye ananiita, "Mama Jemima, ilete, anaharakisha," na nimeitika nakuya, lakini kuna fasi moja, kidogo kama kucha ya mutoto, sikuisugua na sikuipaka, iko kwa upande, pale chini karibu ya